Maisha ya Abul-Qasim Az-Zahrawi, na Mlango Wake wa Pingili za Mgongo

Bismillahir-Rahmanir-Rahim

Sifa zote njema ni za Mwenyezi Mungu, aliyemuumba mwanadamu akamsimamisha wima, na uti wa mgongo katikati yake kama mlingoti. Sala na salamu zimfikie Bwana wetu Muhammad, na jamaa zake, na masahaba zake wote.

Amma baad. Khabari zitakazosomwa humu ni za Abul-Qasim Khalaf bin Abbas Az-Zahrawi, tabibu wa Kiislamu wa Andalusi, aliyekuwa bingwa wa kupasua, na kuunga mifupa, na kurudisha viungo vilivyoteguka. Wazungu walikisoma kitabu chake kwa miaka zaidi ya mia nne, na jina lake likageuka katika ndimi zao wakamwita Abulcasis. Waislamu wengi humjua Ibn Sina, na humjua Ar-Razi. Huyu wachache humjua, na hao nao aghlabu hujua picha za visu vyake tu. Hapa yatatajwa maisha yake, na khasa aliyoyaandika juu ya mgongo, kwani mlango ule ni mfupi na wasomaji huupita upesi, na ndani yake mna jambo ambalo kila mwenye kulala kifudifudi mbele ya mkandaji yampasa alijue.

MJI WAKE NA NASABA YAKE

Katika mwaka wa 316 Hijriya (929 Miladiya) Abdur-Rahman wa Tatu, mtawala wa Bani Umayya katika Andalusi, nchi ambayo sehemu yake kubwa leo ni Hispania, alijitangaza kuwa Khalifa, akajipa lakabu ya An-Nasir. Mwaka wa 325 (936) akaanza kujenga mji mpya chini ya mlima, magharibi ya Kurtuba, ambao Wazungu huuita Cordoba. Mji ule mpya ukaitwa Madinat az-Zahra. Ukajengwa kwa marmar na nguzo nyingi, nyingine zililetwa kutoka ng'ambo ya bahari, na Khalifa akahamia humo pamoja na makatibu wake na askari wake. Abul-Qasim amenasibishwa na mji huo, ndipo akaitwa Az-Zahrawi. Ama nasaba yake ya mbali yarejea kwa Ansari, watu wa Madina waliompokea Mtume (S.A.W.) na kumnusuru, kwa hiyo huandikwa pia Al-Ansari. Wana tarikhi hukadiria kuwa alizaliwa karibu na mwaka ule ule ulioanza kujengwa mji.

Zama zile zilikuwa zama za elimu. Al-Hakam bin Abdur-Rahman, aliyetawala tangu mwaka 350 hatta 366 (961 hatta 976), alipenda vitabu kuliko dhahabu. Wana tarikhi wataja kuwa hazina yake ya vitabu ilifika mijalada laki nne. Baada yake ufalme ulishikwa na waziri, Ibn Abi Amir, aliyejiita Al-Mansur. Huyu alitaka kuwaridhisha baadhi ya wanazuoni, akavitoa vitabu vya elimu za watu wa kale vikachomwa moto. Walakini vitabu vya utabibu na vya hesabu aliviacha. Lau mkono wake usingejizuia hapo, huenda Andalusi isingekuwa na cha kumfundisha mtu kama Az-Zahrawi, wala yeye asingekuwa na cha kuwaachia waliomfuata.

Jambo la kustaajabisha ni kuwa waandishi wa maisha ya wanazuoni hawakumwandikia illa mistari michache. Wa mwanzo wao ni Al-Humaidi, aliyekufa mwaka 488 (1095), ambaye katika kitabu chake cha watu wa Andalusi alimtaja kuwa ni mtu wa fadhila na dini na elimu, na kwamba elimu iliyomtangulia nyingine kwake ni utabibu. Al-Humaidi alikuwa mwanafunzi wa Ibn Hazm, na Ibn Hazm alizaliwa Kurtuba mwaka 384 (994) akawa kijana wakati Az-Zahrawi ni mzee. Naye alikisifu kitabu chake kwa sifa ambayo haikuwa desturi ya ulimi wake, maana Ibn Hazm alikuwa mkali wa ulimi, akiwasema wakubwa kwa wadogo. Zaidi ya hayo, yajulikanayo juu ya Az-Zahrawi hutoka katika kitabu chake mwenyewe.

KITABU CHAKE

Kitabu hicho chaitwa At-Tasrif. Kina makala thelathini, na kilikamilika karibu na mwaka 390 (1000), baada ya muda wa kazi upatao miaka hamsini. Ndani yake mna elimu ya tabia za mwili, na maradhi na dalili zake, na dawa za kunywa, na za kupaka, na za kubandika, na vyakula vya wagonjwa. Katika hayo ameeleza khabari ya ukoo mmoja wa shamba, ambao wanaume wao wakijeruhiwa jeraha dogo damu haikatiki mpaka wafe. Na matabibu wa leo husema kuwa hiyo ni katika khabari za mwanzo zilizoandikwa za maradhi hayo ya damu. Husema na wanafunzi wake kama mzee na watoto wake, na katika kitabu chote huwaita wanawe.

Makala ya thelathini ndiyo ya mwisho, nayo ni ya kazi ya mkono. Imegawanyika mafungu matatu: la kwanza ni kuchoma kwa chuma cha moto, la pili ni kupasua na kushona, la tatu ni kuunga mifupa na kurudisha viungo, nalo lina milango thelathini na tano. Humo ameweka picha za vyombo vipatavyo mia mbili: misumeno, ndoana, makoleo, sindano, visu vya namna namna, na mbele ya kila chombo ameeleza kitengenezwavyo na kitumiwavyo. Kabla yake hakuna aliyechora vyombo vya upasuaji kwa wingi huo.

Katika khabari ya chuma cha moto, mwenye kujua fiqhi atakumbuka kuwa Mtume (S.A.W.) aliutaja moto miongoni mwa mambo yenye dawa, kisha akachukia umma wake kuutumia, na wanazuoni wamesema kuwa makatazo hayo ni ya kuchukiza, si ya kuharimisha, maadamu pana haja na hapana dawa nyingine iliyo nyepesi. Az-Zahrawi aliutumia moto sana, na wa zama zake wote waliutumia. Matabibu wa leo wameuacha katika mengi aliyoyataja, kwa kuwa wamepata dawa zilizo nyepesi.

KWA NINI ALIANDIKA JUU YA KAZI YA MKONO

Mwenyewe ameeleza sababu yake mwanzoni mwa makala ile. Aliona kuwa kazi ya mkono imepotea katika nchi yake, haikubakia illa athari kidogo katika vitabu vya watu wa kale, na hizo nazo zimeharibiwa na wanakili mpaka maana yake haifahamiki. Wenye kushika kisu wakawa ni watu wasiojua viungo vilivyo ndani ya mwili, wala mishipa ipitapo, wala mifupa ikutanapo. Akataja aliyoyaona kwa macho yake.

Aliona tabibu mjinga aliyepasua uvimbe katika shingo ya mwanamke, akakata mishipa ya damu, na yule mwanamke akamwagika damu mpaka akafa mbele yake. Aliona mwingine aliyejitia kumtoa mzee mmoja jiwe la kibofu; jiwe lilikuwa kubwa, akalitoa pamoja na kipande cha kibofu chenyewe, na mzee akafa kwa siku tatu. Az-Zahrawi alikuwa ameitwa yeye kwanza kwa mzee yule. Akatazama ukubwa wa jiwe na hali ya mgonjwa, akajua kuwa atakufa, akauzuia mkono wake. Yule wa pili hakuuzuia.

Khabari iliyo nzito kuliko zote ni ya mtumwa wa mkubwa mmoja wa askari. Mkubwa huyu alikuwa na tabibu wake aliyekula mshahara wake. Mtumwa akavunjika mguu karibu na kisigino, na pale penye mvunjo pana jeraha. Tabibu akafunga magango na vitambaa juu ya jeraha lenyewe, akakaza sana, asiliachie jeraha pahali pa kupumua. Kisha akamwacha siku nyingi, na akamkataza asifungue. Mguu ukavimba na wayo ukavimba, mtu akakaribia kufa. Hapo ndipo Az-Zahrawi alipoitwa. Akafungua upesi, na maumivu yakamtulia yule mtumwa. Lakini uozo ulikuwa umekwisha kuingia katika nyama, hakuweza kuuzuia, ukaendelea kupanda mpaka mtu akafa.

Kwa sababu ya mambo kama haya aliwagawia wanafunzi wake kazi ya mkono kwa sehemu mbili: kazi iliyo na salama, na kazi ambayo aghlabu mna hatari, na kila panapo hatari katika kitabu chake amepatia alama ili mtu ajihadhari. Akawausia wasiguse maradhi yaliyo magumu kupona kwa tamaa ya mali, na hadhari yao izidi tamaa yao.

Mambo haya si adabu ya matabibu peke yake, bali ni sheria. Imepokewa katika Hadithi kwa njia ya Abu Daud na An-Nasai na Ibn Majah kuwa mwenye kutibu watu naye hajulikani kuwa na utabibu, huyo ni mdhamini wa alichokiharibu. Al-Khattabi, mwanachuoni wa madhehebu ya Shafi aliyekuwa hai zama zile zile za Az-Zahrawi, akafa mwaka 388 (998), ameeleza katika sherhe yake ya Abu Daud kuwa hajui khitilafu katika jambo hili: tabibu akivuka mpaka mgonjwa akafa, tabibu atadhamini, na mwenye kujitia katika elimu asiyoijua ni mwenye kuvuka mpaka. Hauawi kwa kisasi, kwa sababu mgonjwa mwenyewe ndiye aliyemruhusu, illa diya hailali. Na diya hiyo kwa kauli ya wanazuoni wengi huwa juu ya jamaa zake wa kuumeni. Basi mjinga mmoja mwenye mikono yenye nguvu aweza kuutia ukoo mzima katika deni.

MLANGO WA PINGILI ZA MGONGO

Fungu la tatu, la mifupa, Az-Zahrawi amelifungua kwa masikitiko. Amesema kuwa kazi hii wameidai watu wa kawaida ambao maisha yao hawakufungua ukurasa wa kitabu cha kale wala kusoma herufi ya elimu yake, na kwa hiyo haikupatikana katika nchi yao. Wala yeye katika umri wake hakukutana na mtu mmoja aliye hodari nayo. Alichokipata amekipata kwa kusoma sana vitabu vya wa mbele, kisha kwa kujaribu muda mrefu. Kitabu alichokitegemea sana ni cha Fulus, Mrumi aliyetibu Iskandariya katika karne ya kwanza ya Hijra, na Fulus naye alichukua kwa Bukrati, tabibu mkuu wa Wayunani.

Amegawanya khabari ya mgongo mahali kadha wa kadha, na ni vizuri zisomwe pamoja.

Mahali pa kwanza ni khabari ya kuvunjika kwa pingili. Amesema kuwa mtu akivunjika pingili za shingo, itazamwe mikono yake: ikiwa imelegea na kufa ganzi, hawezi kuikunjua wala kuikaza, na ikichomwa sindano hahisi, basi ijulikane kuwa aghlabu huyo ni wa kufa. Pingili za chini zikivunjika, dalili huwa katika miguu, na katika kutoka haja pasipo mtu kutaka. Hii ndiyo elimu ya mishipa ya fahamu ipitayo ndani ya uti wa mgongo. Mpaka leo tabibu anayeletewa mtu aliyeanguka mnazini huanza kwa kumgusa mikono na miguu, atazame kama ahisi na kama aweza kuitikisa, kabla ya kuugusa mgongo.

Mahali pa pili ni khabari ya kibiongo kinachoanza kwa mtoto. Ameeleza kuwa maradhi haya huwapata watoto wadogo mara nyingi, na dalili ya mwanzo wake ni kupata dhiki ya pumzi mtoto asimamapo na aendapo, na kuonekana pingili moja ya mgongo imeanza kujitokeza juu ya nyingine. Dawa aliyoitaja ni moto, kando ya pingili. Dawa hiyo imekwisha kuachwa. Ama macho yaliyoiona pingili moja ikichomoza yalikuwa macho makali sana, kwa maana maradhi hayo ndiyo yaliyokuja kuandikwa mwaka 1779 na Percivall Pott, tabibu wa Uingereza. Na mwaka 1882 Robert Koch wa Ujerumani akamvumbua mdudu wa kifua kikuu, na ikajulikana kuwa kibiongo cha namna hii ni kifua kikuu kilichoingia katika pingili na kuzila. Leo hutibiwa kwa dawa za kifua kikuu kwa miezi mingi, na mtoto akiwahiwa hupona. Mwenye kumlaza mtoto huyu na kumkanda kwa nguvu, au kumsimamia mgongoni, huikanyaga pingili iliyokwisha kuliwa ndani, na yaweza kuvunjika juu ya mshipa wa fahamu, na mtoto asisimame tena.

Mahali pa tatu, napo ndipo penye khabari kubwa, ni mlango wa pingili zilizoteguka. Pingili moja ikiteguka kabisa, au zikihama nyingi, Az-Zahrawi asema hapana dawa, kwa sababu mauti humjia mtu upesi. Kisha amesema kuwa pingili yaweza kuhama kwa njia nne: nyuma, mbele, kuume na kushoto. Iliyohamia nyuma ndiyo yenye kuitwa kibiongo. Hapo akaweka masharti moja baada ya jingine. Kibiongo kilichompata mtu tangu utoto hakina dawa ya mkono kabisa. Kilichotokana na kuanguka au kupigwa, watu wa kale wametaja dawa nyingi, na nyingi katika hizo hazina faida. Pingili iliyokwenda mbele haina hila. Iliyokwenda upande, kuume au kushoto, nayo ni hivyo hivyo. Haikubakia illa moja katika nne: iliyohamia nyuma kwa sababu ya kuanguka au kupigwa. Hiyo peke yake ndiyo aliyoieleza dawa yake.

Dawa yenyewe ni hii. Mgonjwa hulazwa kifudifudi juu ya jukwaa lililo sawa karibu na ukuta, na chini yake hutandikwa kitu laini ili kifua kisiumie. Upande wa kichwa husimamishwa nguzo ya mti, na upande wa miguu nguzo nyingine. Utepe laini hupitishwa kifuani chini ya makwapa ukafungwa katika nguzo ya kichwani. Na tepe nyingine hufungwa juu ya nyonga, na juu ya magoti, na katika vifundo vya miguu, zikakusanywa katika nguzo ya miguuni. Wasaidizi huvuta, huku kwa huku, na tabibu huweka viganja vyake juu ya pingili akaisukuma mpaka irudi. Isiporudi, huchukuliwa ubao wenye urefu wa dhiraa tatu hivi, ncha yake ikaingizwa katika tundu la ukuta, katikati yake ikawekwa juu ya pingili, na ncha ya pili ikagandamizwa chini. Mwenye kutaka aweza kuvuta tepe kwa gurudumu la kuzungusha, mfano wa lile la kuvutia nanga, na hilo nalo amelichora. Baada ya pingili kurudi, hubandikwa dawa ya kukausha iliyochanganywa na ute wa yai, na juu yake gango jembamba, na mgonjwa akapewa chakula chepesi mpaka apone.

Na mwisho wa mlango ameongeza onyo moja. Huenda ikaonekana pingili ya mwisho ya mgongo imetokeza, ikadhaniwa kuwa imeteguka, nayo haikuteguka: ni mfupa wenyewe ulioota hivyo. Basi asiguswe mtu huyo kwa dawa hii, isije ikamletea mauti.

Tazama, ewe ndugu, jinsi mtu mwenye ubao na nguzo na gurudumu na wasaidizi alivyoanza kwa kuhesabu migongo ambayo hataigusa. Laiti angetaka fedha, kila kibiongo cha Kurtuba kingekuwa mteja wake, na hapana mzazi ambaye angemnyima alichokitaka.

Wala asidhaniwe kuwa alikuwa mwoga. Msichana mmoja mjakazi alijitia kisu kooni akakata sehemu ya bomba la pumzi. Az-Zahrawi akaitwa akamkuta akikoroma mfano wa mnyama aliyechinjwa. Akatazama damu, akaona ni kidogo, akajua kuwa mishipa mikubwa haikukatwa. Akashona jeraha, akamtibu mpaka akapona, ikabakia kukwaruza kidogo katika sauti yake. Kwa khabari hiyo akawathubutishia wanafunzi wake kuwa kulipasua bomba la pumzi kwa dharura si hatari kama watu wa kale walivyodhani. Alipopasa kugusa aligusa, na watu wakimtazama kwa khofu.

ELIMU YA BAADAYE JUU YA MGONGO ULIOPINDA

Mwaka 1895, katika mji wa Davenport nchi ya Marekani, mtu mmoja aitwaye Daniel David Palmer alianzisha mafundisho ya kutengeneza pingili za mgongo kwa mikono. Kabla ya hapo alikuwa akitibu watu kwa kile alichokiita nguvu ya sumaku. Alidai kuwa maradhi tisini na tano katika kila mia hutokana na pingili zilizohama, na kwamba mwenye kuzirudisha huponya mwili wote. Wafuasi wake wameenea katika nchi nyingi, wana vyuo na wana sheria zao, na wengi wao leo hawalisemi tena neno lile la mwanzilishi wao. Lililothibiti ni dogo kuliko hilo: kukandwa na kusukumwa pingili kwa mkono wa mjuzi kwaweza kuwapunguzia baadhi ya watu maumivu ya kiuno. Hilo ni kheri, na mwenye maumivu hulijua thamani yake.

Ama mgongo uliopinda upande kama herufi ya siin, ambao huonekana khasa kwa watoto wanaokaribia kubaleghe, bega moja likawa juu na jingine chini, huo ni ugonjwa mwingine, na mara nyingi sababu yake hatta leo haijulikani. Matabibu huupima kwa picha ya eksirei, kwa njia aliyoieleza John Cobb wa Marekani mwaka 1948, na mpindo wa daraja 10 au zaidi ndio huhesabiwa. Mwingi huwa mdogo, hautaki illa kuangaliwa. Ukiwa wa kadiri na mtoto angali akikua, huvishwa mshipi mgumu ili usizidi. Na ukipita daraja 45 au 50 hufikiriwa kupasua na kuushikiza kwa vyuma. Kuunyosha kwa mikono hakujathibiti. Az-Zahrawi alikuwa akisema juu ya pingili zilizohamishwa na ajali, si juu ya mpindo huu wa watoto.

Imam Shafi (R.A.) imepokewa kuwa alisikitika kwa Waislamu kuipuuza elimu ya utabibu na kuwaachia watu wa dini nyingine. Na Al-Ghazali katika Ihya amewalaumu watu wa miji ambayo haina tabibu Mwislamu hali wanafunzi wote wanashindania mijadala ya fiqhi, ingawa utabibu ni faradhi ya kutosheleza: wasipoutimiza baadhi, hupata dhambi wote.

KUFA KWAKE NA SAFARI YA KITABU CHAKE

Mwishoni mwa umri wake fitina iliingia Andalusi. Al-Mansur alikufa mwaka 392 (1002), na katika mwaka 399 (1009) watu wa Kurtuba waliasi, wakuu wakapigana, Khalifa akaondolewa na mwingine akawekwa. Mwaka 1010 Madinat az-Zahra ikaingiwa na askari, ikatekwa na kuchomwa, na watu wakaanza kuchukua mawe yake wajengee kwingine. Mji uliojengwa kwa miaka mingi ulikaa chini ya miaka themanini. Az-Zahrawi alikufa katika siku hizo, na mwaka utajwao na wengi ni 404 (1013).

Magofu ya mji yakazikwa na udongo mpaka yakaanza kufukuliwa mwaka 1911, na mwaka 2018 yakaandikwa katika orodha ya urithi wa dunia. Kitabu hakikuzikwa. Katika karne ya kumi na mbili ya Miladiya, Gerard wa Cremona, aliyekufa mwaka 1187, aliifasiri makala ya thelathini kwa Kilatini katika mji wa Toledo, na mikono ya wapasuaji wa Italia na Ufaransa ikaipokea. Guy de Chauliac, mpasuaji mkuu wa Ufaransa, alipoandika kitabu chake mwaka 1363 alimtaja Az-Zahrawi mara nyingi mno. Ikapigwa chapa Venice mwaka 1497.

Kwa Waislamu, aliyeifufua ni Sharafuddin Sabuncuoglu, tabibu wa mji wa Amasya katika nchi ya Waturuki. Huyu mwaka 870 (1465) aliiandika kwa Kituruki, akaongeza aliyoyajaribu mwenyewe, akaitunukia Sultani Muhammad Fatih. Az-Zahrawi alichora vyombo peke yake. Sabuncuoglu akachora na watu: tabibu na kilemba chake, na mgonjwa aliyelala kifudifudi akivutwa huku na huku, na mikono ikiwa juu ya pingili.

Ama maneno yake yenyewe ya Kiarabu, ya kazi ya mkono, yalipigwa chapa mwaka 1778 katika mji wa Oxford, upande mmoja Kiarabu na upande mmoja Kilatini, kwa kazi ya Mwingereza John Channing. Na mwaka 1973 yakatolewa tena London, Kiarabu na Kiingereza, pamoja na picha za vyombo vyote. Mlango wa pingili za mgongo umo katika fungu la tatu, nao hauzidi kurasa chache.

Mwenyezi Mungu amrehemu Abul-Qasim, amlipe kwa kila mgongo alioutengeneza na kwa kila mgongo alioacha kuugusa. Amin.